Niambie kwanza kwa Kiswahili

Bango la kwanza la duka langu lilichorwa na fundi wa Majengo, mtu mwenye mkono uliotulia kuliko printa zote nilizowahi kumiliki. Alinichorea herufi za bluu zenye kivuli cha njano, pembeni akaweka kalamu na bahasha, na juu yake akaandika neno nililompa mimi mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: STATIONARY. Lilikaa juu ya mlango miezi minane. Watu walielekezana kwa simu, "shuka stendi kuu, uliza palipoandikwa Stationary." Wanafunzi wa sekondari walipita chini yake asubuhi na jioni. Hakuna aliyesema lolote.

Aliyesema ni mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya bima. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi akisubiri mashine ipate joto. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, duka limesimama?"

Nikamjibu kwamba Mungu anasaidia, linakwenda.

"Basi bango linalisingizia," akasema. "Linasema limesimama."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mzaliwa wa Tanga, aliyeletwa Moshi na kazi na hakuondoka tena. Akaomba kalamu, akachukua kopi iliyoharibika, akaigeuza na kuandika nyuma yake maneno mawili, moja juu ya jingine: "stationary", "stationery". La juu, lenye a, ni kitu kilichosimama pale pale, kama basi ambalo halijaondoka stendi. La chini, lenye e, ni karatasi, kalamu, bahasha, gundi, vitu vyote vilivyokuwa vimepangwa nyuma yangu kwenye rafu. Akaniambia nisione aibu sana, kwa sababu hata Mwingereza mwenyewe akiyatamka hutasikia tofauti. Tofauti iko kwenye maandishi tu, na kwenye maandishi ndiko nilikokosea.

Nilimuuliza nitakumbukaje lipi ni lipi. Akanisimulia kisa. Ulaya ya kale wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kutembea, wamachinga wa enzi zao. Muuza vitabu na karatasi, hasa karibu na vyuo vikuu, alikuwa na mahali pake pa kudumu, kwa hiyo kwa Kilatini akaitwa "stationarius", mtu wa kituo. Waingereza wakamwita "stationer". Wa London walikuwa na chama chao tangu mwaka 1403, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa za "stationer" ndizo "stationery". "Hiyo er ni mtu," mwalimu akasema. "Teacher, driver, farmer, stationer. Ukiona e, yupo mtu nyuma ya meza. Ukiona a, hakuna mtu, kuna gari limeegeshwa."

Fundi wa Majengo alirudi na kopo lake la bluu, akaigeuza A kuwa E kwa shilingi 5,000. Mpaka leo ukisimama karibu na mlango unauona mguu wa ile A ya zamani chini ya rangi.

Nilidhani jambo limekwisha. Lakini kazi yangu kubwa haikuwa kuuza kalamu, ilikuwa kutaipu. Moshi ina watu wengi wanaopata riziki kwa Kiingereza bila kupata nafasi ya kukisoma vizuri: wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wagumu kama wanavyojiita wenyewe, waongoza watalii, wapishi wa kambini, madereva wa safari, vijana wa kwenye lodge. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza, na wengi wakaishia hapo hapo njiani. Wanakuja na barua kichwani, wananisomea kwa mdomo, mimi nataipu. Ukurasa shilingi 1,000.

Na miaka ile ya mwanzo nilikuwa na msimamizi mmoja tu, mstari mwekundu wa kompyuta. Neno likipigiwa mstari, nimekosea. Lisipopigiwa, tuko salama. Sikujiuliza kwa nini "stationary" haikupigiwa mstari hata siku moja. Ni neno halali, liko kwenye kamusi, lina maana yake. Programu niliyokuwa nayo ilijua kama neno lipo au halipo. Haikujua mteja wangu alitaka kusema nini.

Sasa nieleze kisa ambacho kwangu ni kizito kuliko bango.

Kulikuwa na kijana, mdogo wangu kwa mazoea ingawa hatuna undugu, aliyekuwa mhudumu kwenye kambi moja ya watalii mbugani. Uongozi uliwataka wafanyakazi wajibu kwa maandishi: msimu unaoanza Juni, nani atakaa kambini moja kwa moja, na nani atakuwa analala kijijini na kuja asubuhi? Yeye alitaka kukaa kambini. Chakula bure, kitanda bure, na mshahara anamtumia mama yake wote. Alikuja dukani siku ya mvua wakati yupo likizo, viatu vimejaa tope, akanisomea barua aliyoiandaa kwenye simu. Sentensi yenye uzito ilikuwa moja, na mimi niliitaipu hivi: "I am ready to leave at the camp from 1st June." Hakuna mstari mwekundu. Nikachapa, akaweka sahihi, nikaiskani na kuituma.

Wiki mbili baadaye alirudi na majibu. Walimshukuru kwa utumishi wake, walisema wanaheshimu uamuzi wake wa kuondoka kuanzia tarehe 1 Juni, na kwamba nafasi yake imeshapata mtu.

Alikuwa ameshafikiria mengi njiani. Alidhani kuna mtu amemfanyia fitina, alikuwa hata na jina la mtu huyo. Tuliziweka barua mbili mezani, yake na yao, tukaanza kuzisoma neno kwa neno, na kidole changu kikaishia kwenye "leave". Nililijua hilo neno! Nililifundishwa shuleni. "Leave" ni kuondoka, "live" ni kuishi, ungeniuliza siku yoyote ningekujibu. Lakini yeye alipotamka, sikio langu lilisikia kitu kimoja, na vidole vikaandika kile kilichotangulia kuja.

Tuliandika barua nyingine ya kueleza. Hakupigiwa simu. Msimu ule aliuza mitumba Kiboriloni pamoja na shangazi yake. Nilipotaka kumrudishia hela yake aliikataa, akasema, "Dada, mimi ndiye niliyekusomea." Aliniumiza zaidi kwa wema ule kuliko ambavyo angeniumiza kwa matusi. Yeye alisoma, ni kweli. Ila mimi ndiye niliyekuwa nalipwa ili nijue.

Usiku ule kabla sijafunga nilitoa kwenye rafu kaunta buku, daftari nene lenye jalada gumu, nikalifungua ukurasa wa kwanza na kuandika: live, kuishi, kukaa. Leave, kuondoka, kuacha. Halafu nikakaa nikiangalia ukurasa wote uliobaki mweupe, nikijiuliza ni barua ngapi zimeshapita mikononi mwangu.

Mwalimu alikuwa na kawaida ya kupita Alhamisi. Nilimwonyesha lile kaunta buku. Akasoma, akatikisa kichwa, akaniambia kitu ambacho sijakisahau: "Haya si kama yale ya bango lako. Stationary na stationery ni pacha kwa kila mtu. Live na leave si pacha kwa Mwingereza hata kidogo. Ni sikio letu linalowafanya pacha."

Akanifafanulia. Kiswahili kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake moja. Kiingereza kina herufi hizo hizo tano, lakini sauti za irabu, kwa matamshi ya Uingereza, zinafika karibu ishirini ukihesabu na zile za kuunganika. Sauti ishirini zikija kwetu zinakuta nyumba ya vyumba vitano. Zinabanana. "Ship" na "sheep", "fill" na "feel", "sit" na "seat", zote zinalala chumba cha i. "Bad" na "bud" zinalala chumba cha a. Nyingine hata hazijui ziingie wapi: "shirt" alipokuja kwetu akawa shati, "nurse" akawa nesi, na kumbe kwa Mwingereza irabu ya maneno hayo mawili ni ile ile moja. Sisi tuliipa a huku, tukaipa e kule.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vile vitabu vidogo vya maneno yanayochanganya nilivyokuwa nauza dukani havikunisaidia. Vilikuwa na "their" na "there", "week" na "weak", yale ambayo mtoto wa London hukosea, kwa sababu kwa sikio lake ni sauti moja. Mtoto huyo hawezi kuandika "leave" akitaka "live". Anayasikia tofauti tangu ananyonya. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwandikia onyo mtu wa Moshi. Nikaligeuza kaunta buku. Kutoka mbele nikawa naandika pacha wa kila mtu, kutoka nyuma nikawa naandika pacha wetu sisi. Upande wa nyuma ulijaa upesi zaidi.

Waliojaza zaidi ni watu wa mlima. Kaka mmoja mwongoza watalii alikuwa ananiletea ratiba za wageni wake niwatumie kwa barua pepe. Nilipofukua ratiba za zamani kwenye kompyuta nilikuta nimewaandikia watu, kwa mkono wangu, kwamba usiku wa kwanza "you will slip at Mandara". Kuteleza, badala ya "sleep", kulala, kwenye kambi ya Mandara! Mtu yuko nyumbani kwake, amelipia safari, hajawahi kuuona mlima, anasoma kwamba usiku wa kwanza atateleza. Chini yake nikakuta kwamba kila siku "you will work for six hours", yaani watafanya kazi kwa saa sita, badala ya "walk", kutembea. Na kwenye orodha ya vitu vya kukodi, "slipping bag". Kaka akakumbuka kwamba kuna mgeni aliwahi kumuuliza mara mbili kama njia ya siku ya kwanza ina hatari, naye akashangaa swali limetoka wapi, kwa sababu siku ya kwanza kwa njia ya Marangu ni msituni, njia imetengenezwa vizuri.

Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba jambo hili linaweza kuvuka mpaka wa karatasi.

Alikuja siku moja kuandika taarifa ya tukio. Mgeni akishushwa mlimani kabla ya siku zake, kampuni inataka maelezo kwa maandishi. Akaanza kunisomea kwa Kiingereza, akafika mahali akasema mgeni alilalamika kuhusu "hat" yake. Vidole vyangu vikasimama. Kwenye kaunta buku, ukurasa wa nyuma kabisa, nilikuwa na mstari wenye maneno manne: "hat", kofia, "hut", kibanda, "heart", moyo, "hurt", kuumia. Kwa midomo ya wengi wetu yote manne ni neno moja. Nikamwambia, "Kaka, subiri. Niambie kwanza kwa Kiswahili."

Akasema, "Mgeni alisema moyo unamwenda mbio na kifua kinambana, nikamshusha usiku ule ule."

Halafu akanyamaza. Akatazama nje barabarani, bodaboda zinapita, na akanieleza kilichotokea kabla ya hapo, kile ambacho hakutaka kiingie kwenye taarifa. Walikuwa kambi ya Horombo, takriban mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, jua limeshazama, baridi imeingia. Mgeni alimwambia kwa sauti ndogo maneno mawili matatu, na yeye akasikia kofia. Akaona ni kweli, kuna baridi, mtu anataka kofia yake. Akaenda kibandani, akafungua begi la mgeni, akatafuta, akarudi nayo, akampa. Mgeni akatikisa kichwa, akaichukua mikono ya kaka, akaiweka kifuani pake.

Ni dakika chache tu zilizopotea. Mgeni alishuka salama. Urefu ule hewa ya oksijeni ni chache, na mtu aliyezidiwa dawa yake ya kwanza ni kushuka, kila mwongoza watalii anaijua hiyo. Kaka yangu alijua la kufanya. Kilichomchelewesha ni irabu.

Tulitumia saa nzima siku hiyo, wateja wengine wakisubiri, tukijifunza kuyatamka yale manne jinsi mwalimu alivyonielekeza. "Hut" ndilo lililo karibu zaidi na a yetu, fupi, la haraka. "Hat" unafungua mdomo kana kwamba unataka kusema e lakini unaishia a. "Heart" unaivuta kutoka kooni, ndefu, kama daktari amekuambia useme aaa. "Hurt" ndilo gumu, kwa sababu sauti yake Kiswahili hakina kabisa, ni ile ya "shirt" na "nurse". Ulimi unakaa katikati haugusi popote. Kaka alirudia mpaka mama mmoja aliyekuja kulamineti cheti naye akawa anarudia. Tangu hapo, ananiambia, mgeni akisema neno lenye sauti hiyo huwa hakisii. Anamwomba amwonyeshe kwa mkono.

Nilimuuliza mwalimu swali ambalo naamini kila mtu aliyesoma kwetu amewahi kuliuliza: kwa nini hawa watu hawaandiki kama wanavyotamka? Sisi tulianza darasa la kwanza na ba be bi bo bu. Tulifundishwa kuliamini sikio. Ukilisikia neno la Kiswahili vizuri unaweza kuliandika hata kama hujawahi kuliona. Mazoea hayo mazuri ndiyo tunayoingia nayo kwenye Kiingereza, nayo yanatuangusha.

Jibu lake lilinifanya nianze kuyapenda maneno haya badala ya kuyaogopa. Alisema zamani walikuwa wanaandika kama wanavyotamka, au karibu na hapo. K ya "knife" na "know" ilisikika. W ya "write" ilisikika. Ile gh ya "night" na "right" ilikuwa sauti ya kooni, karibu na kh ya kheri. "Meat" na "meet" hazikuwa sauti moja. Halafu William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, na tahajia zikaanza kuganda kwenye chapa. Midomo ya watu haikuganda. Karne ile ile na zilizofuata irabu ndefu za Kiingereza zilihama, karibu zote, na sauti kadhaa za konsonanti zikafa. Maandishi yakabaki yanaonyesha jinsi babu zao walivyotamka. Kwa hiyo "night" na "knight", usiku na shujaa wa farasi, leo ni sauti moja, lakini kila moja limebaki na mavazi yake ya zamani.

Nikaanza kutafuta ndani ya kila neno kitu cha kushika. Mengine yalikuja kirahisi. "Whether" ni ndugu wa "what", "when", "where" na "why", ukoo wa kuuliza, na kazi yake ni kuuliza: kama, iwapo. "Weather", hali ya hewa, haimo kwenye ukoo huo. "Here" ni hapa, nalo limejificha ndani ya "there" na "where", yote ya mahali. "Their", yao, ndani yake kuna "heir", mrithi, na hapa Kilimanjaro ambako ndugu wanafikishana mahakamani kwa ajili ya kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, hakuna aliyewahi kusahau baada ya kuambiwa kwamba katikati ya "yao" amekaa mrithi. "Peak", kilele, ina A, na herufi A yenyewe ina ncha kama Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, ukiitazama kutoka mjini asubuhi isiyo na mawingu. "Peek", kuchungulia, ina e mbili kama macho mawili dirishani. "Accept" ni kukubali na "except" ni isipokuwa, na hapa sina hila yoyote, nimekariri tu, kwa sababu nimeona mikataba mingi ya ajira ambayo mtu ameandika kwamba anayaondoa masharti badala ya kuyakubali.

"Principal" na "principle" yalinisumbua mpaka akina mama wa vikoba waliponiokoa bila kujua. Walikuwa wananitaipisha taarifa ya mkopo wa benki, na kwenye fomu pameandikwa "principal", yaani ule mkopo wenyewe, kabla ya riba. Ule mkuu. Mkuu wa chuo naye ni "principal". "Principle" ni kanuni, na kanuni huwezi kuiandikia barua ya maombi.

Sitaki mtu afikiri kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye mitego hii. Jirani yangu seremala aliniletea maneno ya bango lake jipya, bango la plastiki kubwa la kuning'inia, na nikataipu kama alivyosema: "Tunatengeneza thamani za ndani." Nilikuwa nimeshaweka na picha ya kochi. Ni pale nilipoisoma kwa sauti ndipo nilipoishika. Samani ni meza, viti, makabati. Thamani ni bei, ubora, kile kitu kinachofanya kitu kiwe na maana. Mtu wa pwani hawezi kuzichanganya, ulimi wake unajua th inakaa wapi. Sisi wa bara, wengi wetu lugha za nyumbani hazina sauti hiyo, tunaigeuza s. Halafu tukishajua kwamba tuna kasoro hiyo tunajishuku, tunarudisha th hata mahali pasipohusika. Nilipomweleza jirani alikaa kimya kidogo, akaniambia bango lake la zamani lilikuwa hivyo hivyo, miaka tisa.

Mwalimu alicheka sana niliposimulia. Yeye ni wa Tanga, th yake imenyooka. Lakini hakuniambia lolote la kunishusha, aliuliza tu kama nimeliandika kwenye kaunta buku. Nilikuwa nimeliandika, na nimeanzisha sehemu ya tatu, ya Kiswahili, katikati.

Siku hizi kompyuta yangu ni mpya na programu yake imeendelea, mara nyingine inaweka mstari wa bluu chini ya neno halali ikiona halikai vizuri. Ninaushukuru. Bado siutegemei. Mteja akinisomea sentensi ya Kiingereza nalisikiliza neno, kisha namuuliza maana kwa Kiswahili kabla sijaligusa. Mwanzoni baadhi yao walikasirika, walidhani nawadharau, kana kwamba nasema hawajui Kiingereza. Nawaonyesha kaunta buku. Nawaambia kwamba mimi ndiye nisiyeliamini sikio langu. Wengine wameanza kuja na maneno yao wenyewe niyaandike. Mpagazi mmoja aliniletea "boots" na "boats", kwa sababu aliwahi kuambiwa akapokee viatu vya mgeni naye akabaki kujiuliza boti litoke wapi Moshi.

Yule mdogo wangu alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mvua inanyesha kama siku ile. Kambi nyingine, maeneo mengine, wanahitaji wahudumu wa msimu na wanataka barua. Alikaa kwenye benchi la mwalimu, akatoa simu, akaanza kunisomea. Jina, umri, uzoefu. Alipofika kwenye sentensi ile akaweka simu mezani, akainama hadi kwenye kioo cha kompyuta, akaniangalia mpaka vidole vyangu vilipotulia juu ya kibodi.

"Live," akasema taratibu, akiifupisha ile irabu kadiri alivyoweza. "Dada, nakaa. Siendi popote."

Nikaandika l, i, v, e. Akazisoma moja moja, kisha akaniambia niendelee.